Mistari ya Mkaa ya Eduviges

Mke wangu Eduviges alifua taulo za ukumbi wa ndondi hapa mjini Los Mochis kwa miaka thelathini na mmoja. Mimi nilifanya kazi kiwanda cha sukari mpaka mgongo ukanikataa, kisha nikawa nambebea ndoo. Alifariki Februari. Naandika jambo alilotaka kulijua. Ni moja tu, lakini lilimkaa moyoni.

Yeye hakusoma. Mimi nilifika darasa la pili.

Ukumbini alikuwa na sheria yake. Mabondia wakimaliza mazoezi huchovya taulo kwenye ndoo na kujifuta jasho. Kila mmoja lazima akamue yake mwenyewe kabla ya kuitundika wayani, maana viganja vya Eduviges vilikuwa vinamuuma. Kocha Ponciano akaiongezea adhabu: taulo ikidondosha maji, mwenyewe anaruka kamba dakika kumi zaidi.

"Uvivu huo," alisema.

Eduviges ndiye aliyeona kwamba wavivu ni wale wale waliokuwa na kupimwa uzito wiki hiyo. Wiki nyingine taulo zao zilikuwa kavu kuliko za wote.

"Ponciano, unamrusha kamba mtu aliyeishiwa nguvu."

"Bi Vige, wewe fua."

"Nafua. Ila macho hayafui."

Alichukua mizani ya kuning'inia ya mama yake, iliyopima maharage sokoni, akaifunga kwenye nguzo ya karo la kufulia. Akachagua taulo moja ya bluu. Bondia anaichovya, anaikamua mara tatu, inapimwa. Kila gramu mia, mstari mmoja wa mkaa ukutani. Mistari ikiwa michache, mkono una nguvu. Vijana walicheka, wakaanza kushindana. Eduviges hakucheka. Alikuwa anatazama ukuta kama wengine wanavyotazama televisheni.

Kisha ikaja zamu ya Briseida. Huyu ni binti yetu wa ubatizo, miaka ishirini na miwili, anafungasha nyanya kwenye maboksi. Uzito wake wa kawaida kilo hamsini na tatu. Ponciano alimtaka arobaini na nane, apiganie mkanda wa ubingwa wa jimbo mwezi wa Oktoba. Miezi mingi alikuwa anajinyima. Miwili ya mwisho alikula yai la kuchemsha na nusu ya tortila, ile chapati ya mahindi, akakimbia saa sita mchana amevaa nguo za plastiki, akatema mate kwenye chupa ili maji yamtoke. Mistari yake ilikuwa sita. Ikawa saba. Ijumaa ya kupimwa ikawa tisa.

"Ni maji tu hayo," Ponciano alisema. "Akishuka mizanini anakunywa, anakula, kesho yuko sawa."

Alikunywa kweli. Alikula supu, maharage, nyama kavu na mayai. Jumamosi asubuhi alikuwa amerudisha kilo mbili na nusu. Eduviges akampa taulo ya bluu. Mistari minane.

"Maji yamerudi," akaniambia. "Sasa nguvu iko wapi?"

Alipigana. Kufika raundi ya nne ngumi zake zilikuwa zinabisha hodi tu. Akashindwa kwa pointi.

Jumatatu Briseida alikuja karoni. Eduviges akamwuliza kama analilia mkanda.

"Hapana, mama. Nina miezi saba sijaona siku zangu."

"Umemwambia nani?"

"Nimwambie nani? Kocha? Atasema afadhali, usumbufu umepungua."

Tulimpeleka zahanati. Daktari alieleza vizuri. Alisema mwili ukinyimwa chakula muda mrefu unaona hauna akiba ya kubeba mimba, basi unapunguza homoni za kike, na damu inasimama. Mifupa nayo inapoteza uimara. Wanaume homoni yao inashuka vilevile, misuli inachelewa kujijenga. Maji hurudi kwa siku moja. Haya mengine huchukua wiki, au miezi.

"Mingapi?" Eduviges akauliza.

"Siwezi kusema, mama. Inategemea mtu."

Njiani alikuwa na furaha kama aliyepewa zawadi. "Hilario, hata daktari hajui! Basi tuhesabu sisi. Kipi kitatangulia kurudi, mkono au damu?"

Ponciano tulimkuta anamfunga kijana mmoja glavu. Eduviges akamwuliza:

"Ponciano, ulipokuwa bondia, wiki za kupimwa uzito ulikuwa unanyoa ndevu?"

Akafikiri. "Zilikuwa hazioti sana."

"Na mkeo?"

"Bi Vige!" Akatazama pembeni. "Mke wangu alikuwa anasema amelala na gogo."

Vijana waliangua kicheko. Ponciano hakucheka. Siku hiyo adhabu ya kamba ikafutwa. Lakini uzito hakuubadilisha. Alisema arobaini na nane ndipo mkanda ulipo, huko juu kuna majitu.

Briseida akaanza kula. Wiki ya tatu taulo ilirudi mistari sita. Damu, hakuna.

Desemba Eduviges akaugua, akawa wa kitandani. Kila Ijumaa alikuwa ananiuliza, "Mistari mingapi?" Namwambia sita. "Na ile nyingine?" Namwambia bado. Alifariki Jumanne, ikiwa bado.

Machi Ponciano akaleta habari: pambano la marudiano, mkanda ule ule.

"Wiki sita tu, binti. Utashuka mara moja ya mwisho."

Briseida alinifuata karoni. Nilikuwa nafua mimi sasa.

"Mzee, nimekula miezi mitano. Mwili haujajibu. Kama hautajibu, nangoja nini? Si bora nichukue mkanda?"

Mwenye maneno hayupo. Nikamwambia, "Mama yako wa ubatizo alitaka kujua."

"Kujua nini?"

"Itachukua muda gani. Ukishuka sasa, hatutajua."

Akachovya taulo ya bluu, akaikamua. Mistari mitano na nusu. Akamwambia Ponciano angoje. Ponciano alinuna wiki mbili, akanilaumu mimi.

Aprili, asubuhi, Briseida alikuja mbio na aproni ya kazini.

"Mzee." Akaona haya. Na mimi nikaona haya, nikashika sabuni. "Imerudi. Leo."

Akaenda moja kwa moja kwa Ponciano. Nilimsikia hadi karoni. "Hamsini na moja, kocha, au utafute mwingine." Ponciano alisema majitu yatamla. "Basi yanile," akajibu, "yatanikuta nimeshiba."

Mkono, wiki tatu. Damu, miezi sita. Ni mtu mmoja tu, najua. Eduviges angetaka wengine kumi.

Nilichukua mkaa. Alama ya damu hakuwahi kunifundisha. Nikachora duara chini ya mistari ya Briseida. Halafu nikaendelea na taulo.