Sehemu ya Mvulana

Mdogo wangu wa kike tulimwita Springi tangu utotoni, maana ukimkalisha kitini utadhani kiti kinamrusha. Leo ana miaka hamsini na moja, ni msusi, kutwa nzima amesimama nyuma ya vichwa vya watu, na bado kiuno chake kinafuata redio. Mimi ni mkubwa wake kwa miaka mitatu. Nampenda. Lakini nikisema sijawahi kumwonea wivu nitakuwa namdanganya Mungu, naye alikuwepo.

Wivu wenyewe ulianzia kwenye deki ya jirani. Jumamosi alituwekea kanda za filamu za vijana, zile za wakati ule. Karibu zote zilikuwa na dansi, na dansi ndiyo iliyofanya kazi yote. Binti mpole hatazamwi na mtu, mvulana hajui aseme nini, baba kanuna. Basi muziki unapigwa, wanafunzi wanafanya duara, binti anaingia katikati, na kabla wimbo haujaisha anapendwa, mvulana kapata ulimi, baba anafuta machozi. Lugha yao hatukuielewa, ila dansi tuliielewa neno kwa neno. Nikaamini ndivyo dunia inavyokwenda: siku yako ikifika, unaingia kwenye duara.

Kanda moja tuliirudisha nyuma mpaka pale penye dansi pakaanza kuonyesha chenga. Tukajifunza dansi hiyo chumbani, kitanda tumekisukuma ukutani. Kwa kuwa mimi ndiye mrefu, nilikuwa mvulana. Kila siku mvulana.

"Leo na mimi niwe msichana," nilimwambia.

"We dada, mimi na wembamba huu nikuzungushe wewe? Si tutaangusha kabati!"

Mtaa wa pili kulikuwa na fundi cherehani, kijana mtaratibu, futi shingoni. Nilimpelekea nguo za kushona nilizozichana mwenyewe. Kwenye harusi ya binamu yetu, muziki ukapigwa, watu wakafanya duara, fundi akaja moja kwa moja hadi kwangu akaninyooshea mkono. Moyo ulinipasuka kwa furaha. Nikamshika kiuno, nikapiga hatua mbele. Naye akapiga hatua mbele. Magoti yakagongana, ukumbi mzima ukacheka. Dansi yote niliijua, ila kurudi nyuma sikujua.

Springi akaja mbio kuniokoa. Hivyo ndivyo anavyosema yeye mpaka leo. Aliniokoa, akaolewa naye.

Mimi nilipata mume mwema, Mungu amrehemu, asiyecheza hata kidogo. Nikawa mpishi wa shule. Kila nilipowaona wale wawili wameshikana mikono sokoni, nilikoroga sufuria kwa nguvu siku hiyo.

Mwaka jana binti yao wa mwisho alipochumbiwa, Springi alinijia na mumewe.

"Dada, siku ya harusi tunataka kucheza ile ya deki. Mfundishe shemeji yako. Wewe ndiye unayejua sehemu ya mvulana."

Siku tatu, nikishaosha masufuria, nilimfundisha.

"Shemeji, usitazame miguu. Tazama mbele."

"Nikitazama mbele nakuona wewe."

"Basi fumba macho."

Nilimfundisha vyote isipokuwa ule mzunguko wa mwisho, msichana anapoachiwa aende mbali, kisha anavutwa na kurudi kifuani. Kila tukifika hapo nilisema, "Basi, imeisha." Na kwenye sala zangu nilipita hapo haraka haraka.

Siku ya harusi walicheza vizuri, nikaumia vizuri. Walipofika mwisho Springi akajizungusha kwenda nje, mkono hewani, anangoja kuvutwa. Shemeji akawainamia watu kama aliyemaliza. Springi akanitafuta kati ya viti. Nikatazama viatu vyangu. Akaja mpaka mezani kwangu, jasho linamtoka.

"Umemnyima mzunguko."

Ningeweza kusema nilisahau. "Nimemnyima."

"Miaka thelathini, dada, bado una hasira na mimi?"

"Sina hasira. Nina wivu."

Alicheka mpaka kilemba kikalegea. "Haya, umeniacha hewani mbele ya wakwe. Nani atanirudisha?"

Nikasimama, goti likalia ko! Nikaingia kwenye duara, nikamzungusha, nikamvuta. Amekuwa mzito siku hizi, lakini alirudi palepale kifuani. Watu walipiga makofi. Shemeji alikuwa pembeni, mikono mitupu, akitutazama kwa jicho ninalolijua vizuri sana.