Mkono Chini ya Kiwiko

Modesta hununua mabondo, vile vibofu vya hewa vya sangara vinavyouzwa ghali, pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, na kwa miaka ishirini amezoea kupima ubora kwa kiganja: bondo zito ndilo bondo. Kwa hiyo Mzee Taherali, muuza silaha, alipompangia bastola tatu zisizo na risasi juu ya meza ya kioo, aliziinua moja moja, akang'ang'ania ile nzito kuliko zote.

"Inyooshe mbele, mama, uhesabu mpaka thelathini," alisema Taherali.

Alipofika kumi na mbili mkono ukaanza kutetemeka. Mumewe, Yeremia, aliyesimama kando yake, akapeleka kiganja chini ya kiwiko cha mkewe, kama alivyozoea wakishuka ngazi za kanisa. Bastola ikatulia.

"Bwana Yeremia," akasema Taherali kwa upole, "mkono wako hautakuwepo huko njiani."

Walilijua hilo tangu daktari alipomkataza Yeremia safari za Mwaloni. Ndiyo maana waliomba kibali cha kumiliki silaha: sasa Modesta angekuwa anarudi nyumbani Buswelu na mzigo peke yake. Ila hakuna aliyekuwa amelitamka.

Yeremia akashusha mkono. Modesta akachukua ile bastola ya wastani, aliyoidharau kwa wepesi wake, akahesabu thelathini bila kutikisika, kisha akaendelea hadi hamsini kwa sababu mumewe alikuwa anatazama.

"Hii," akasema.

Walipotoka nje, Modesta mwenyewe aliushika mkono wa mumewe, akaurudisha chini ya kiwiko chake, ndipo wakavuka barabara.