Bi Time na Sindano Yetu

Sauti ninayoikumbuka mpaka leo ni ya jino likidondoka kwenye bakuli la chuma: ting! Halafu foleni nzima nje ya dirisha inanyamaza.

Nilikwenda kwa sababu ya ulimi wangu, si elimu. Kwenye kliniki ya meno hapa Ghubra, Maskati, mimi napokea wagonjwa na kuosha vyombo; skuli niliishia sekondari. Lakini madaktari wetu walipojitolea kwenda kutibu kwenye kisiwa kidogo upande wa Pemba, hakuna hata mmoja aliyejua Kiswahili. Dokta Ruqaya akaniuliza kwa Kiarabu, "Kiswahili chako cha kweli, au cha kuombea chai?" Nikamwambia ni cha bibi yangu. Mama, nyumbani kwetu mtaa wa Hail, akanifungia halua, akalia, akacheka.

Ijumaa alfajiri tukaruka kutoka Maskati. Jioni tukalala Pemba. Asubuhi boti ya mashine ikatuvusha na masanduku yetu. Maji yalikuwa safi hata nikaona kivuli cha boti kikitembea juu ya mchanga chini kabisa, nikasahau kuogopa.

Kwenye skuli ya kisiwani, tulikofungua kliniki yetu, watu walikuwa wamejipanga tangu alfajiri, na wenye maumivu makubwa ndio waliokuwa wakiwachekesha wenzao. Mzee mmoja akaniambia, "Mwambie aning'oe yote, hata mazima. Nyie mtarudi lini tena?" Nilipomtafsiria, Dokta Ruqaya aligeukia ukutani kidogo. Subira kama ile sijapata kuiona.

Siku ya tano, ya mwisho ya kazi, akaja Bi Time, bibi mwembamba, shavu limevimba mpaka jicho limekuwa dogo. Dokta akasema jino litoke leo leo, usaha ukishuka shingoni utamziba pumzi.

"Mna sindano?" Bi Time akaniuliza.

Nikamwonea huruma. "Hakuna, bibi. Ni dawa ya kupaka tu."

Kliniki kwetu sindano huifunika kwa kitambaa, mgonjwa asiione. Na pale tuliifunika, lakini Bi Time aliiona. Akainuka, akajitanda kanga yake. "Umenidanganya, mwanangu, na mvi zangu hizi." Akatoka, na wanawake watatu kwenye foleni wakamfuata.

Dokta hakunigombeza. Alisema tu, "Kesho asubuhi tunaondoka. Shavu lile halitosubiri."

Baada ya adhuhuri nikaulizia kwake. Nilimkuta barazani, kitambaa cha maji shavuni.

"Umeleta uwongo mwengine?"

"Nimeleta kweli, bibi. Sindano ipo, na inauma. Utahesabu mpaka kumi, halafu ganzi inaingia. Nilikuficha kwa sababu mwenyewe naiogopa. Nna jino bovu mwaka wa pili huu, na kazi yangu ni kwa madaktari wa meno."

Akaniangalia sana. Kisha akacheka kwa upande mmoja, maana wa pili haukufunguka. "Muuza sabuni, nguo chafu. Nipe mkono, twende."

Alipochomwa alinibana vidole, midomo ikisoma dua polepole. Jino lilipotoka na usaha wake akaomba alione, akalitazama kama mtu anayemuaga mgeni mbaya. Nikadhani atakwenda nyumbani kulala. Wapi! Alikwenda kusimama mbele ya foleni, pamba mdomoni, akasema, "Inauma. Mpaka kumi, basi." Akatuma mtu akawaite wale watatu. Walikuja, wakakaa kitini mmoja mmoja, wakihesabu. Nilibaki na taulo mkononi, nimeduwaa. Maneno yangu matamu yaliwafukuza. Yake machungu yaliwarudisha.

Asubuhi ya kuondoka alikuja ufukweni, shavu limeanza kulala. Wengine aliwaombea dua. Mimi akaniambia, "Na lako lini?"

Njia nzima ya kurudi nilikaa na swali lile. Nilidhani huruma ni kumficha mtu sindano. Kumbe watu wale wanaweza kubeba maumivu mengi, ilimradi waambiwe uzito wake.

Jumatatu, saa saba mchana, kliniki ilifungwa kwa mapumziko, wenzangu wakaenda kula. Nikafungua daftari la miadi. Mstari wa saa kumi ulikuwa mtupu. Nikaandika jina langu, kwa wino.