Mwili Ungali Unakimbia

Siku ile nilipomfungia dada yangu mlango ningali naikumbuka, mwanangu.

Nilikuwa msichana, tukikaa mtaa wa Ndosho katika nyumba ya mbao. Dada yangu Furaha alikuwa amekimbia vita kule Masisi, akatufikia kwa miguu, peke yake. Mumewe hakuja, na dada hakusema kwa nini. Majuma matatu yakapita. Haketi ila karibu na mlango. Pikipiki ikinguruma njiani, huyo kasimama, pumzi juu juu. Niliogopa atarukwa na akili, na hofu, mwanangu, ni mshauri mbaya. Nilikuwa nimesikia kwamba mwenye uchungu hupona akisema. Basi nikafunga mlango, nikamshika mabega.

"Dada, sema! Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sema leo!"

Akaniangalia kama hanijui. Akaanguka akitweta, midomo imegeuka rangi ya majivu. Nikadhani nimemuua. Nikapiga yowe.

Aliyekuja ni mama Kahindo, jirani yetu wa kutoka Butembo, aliyezoea kukaa na wanawake waliotoka vitani pale parokiani. Hakuuliza kitu. Alifungua mlango, akaketi chini hatua mbili kutoka kwa dada, akaanza kuvuta pumzi polepole, kwa sauti, kama mtu anayepuliza makaa.

"Furaha, ni mimi Kahindo. Uko Ndosho, uko kwenu. Kanyaga chini, usikie udongo. Naweza kukushika mukono?"

Mimi nasali moyoni. Mwishowe dada akanyoosha vidole viwili tu.

Dada alipotulia, mama Kahindo akanigeukia. "Mutoto, mwili wa dada yako ungali unakimbia, na wewe unamukamata njiani? Mutu akiumwa na nyoka, hata unyasi unamushtua. Muulize kwanza kama anakubali umuguse."

Tangu hapo kila alasiri tulitwanga sombe, yale majani ya mihogo, mimi na dada, michi miwili katika kinu kimoja, bila neno. Siku nyingine alitupa mchi akakimbilia nje, nami nikamngoja. Ilipita miezi ndipo akataja jina la mumewe, huku akitwanga, na mimi sikuacha kutwanga. Hakupona yote; hadi leo, huko kwake mtaa wa Katoyi, radi ikipiga hushika ukuta. Lakini anacheka, na analala.

Umeniambia rafiki yako aliyekimbia vita juzi hasemi nawe, na leo utamlazimisha. Nakuomba, mwanangu, usiende hivyo. Tuliza kwanza pumzi yako, maana mwenye hofu hamtulizi mwenye hofu. Usimguse kabla hajakubali. Mkatie vitunguu, fueni nguo pamoja, na akinyamaza, kaa naye; kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Maneno yatakuja, na yasipokuja, wewe uwepo.

Nenda sasa. Mungu akupe mikono isiyotisha mtu, na kila nyumba utakayoingia ipate usingizi.