Jiwe Jeusi na Mche wa Sabuni

Kila nikikata mche wa sabuni ya bluu, harufu yake hunirudisha uani kwetu Manibe. Mdogo wangu ameketi juu ya kinu kilicholazwa, damu inamtiririka mguuni. Mbwa aliyemuuma hatukumjua. Alipita akidondosha udenda, akaenda zake.

Jirani aliyekuwa akitoka shambani alisimama. "Osha na sabuni," alimwambia mama. "Maji mingi, mingi sana. Halafu peleka yeye Arua, achomwe sindano."

Lakini bibi alishatoa jiwe lake jeusi la kunyonya sumu ya nyoka, lile alilotoka nalo Kongo. "Acha maji," alisema. "Jiwe haishiki kwa kidonda yenye maji. Ikianguka yenyewe, sumu imeisha."

Mimi nilikuwa nimeshika sabuni. Mama alinitazama, akamtazama mama mkwe wake, akaniambia niirudishe ndani.

Jiwe lilishika siku tatu. Lilipoanguka, bibi alilichemsha kwenye maziwa kulisafisha, nasi tukapiga makofi. Kidonda kilikauka vizuri.

Mahindi yalikuwa yamefika magotini mdogo wangu alipoanza kuogopa kikombe. Aliomba maji, na alipoyaona koo likamkaba, akayasukuma. "Kunywa kidogo tu, mama," mama alimbembeleza. Akaomba tena, akayasukuma tena.

Mche wa sabuni ulikuwa bado mzima. Mama ndiye aliyeukata, asubuhi ya kumwosha mwili kabla ya mazishi. Aliniagiza maji mengi, mengi sana.