Mistari Inayorudiwa

Binti yangu anaandika programu za kompyuta, na ili aziandike anatumia programu nyingine ambayo kazi yake ni kuandikia programu. Wanaiita kihariri. Kila mwezi hicho kihariri hujiboresha chenyewe, tena kwa kelele. Anakifungua asubuhi hapa nyumbani Garissa, chai haijapoa, na badala ya kazi yake anakuta risala ndefu: tumeongeza hiki, tumerekebisha kile, rangi fulani sasa imekoza zaidi. Huisoma kwa sauti ili nami mzee nifaidike.

Mwezi uliopita nilifaidika sana. Niliambiwa kwamba sasa mtu anaweza kuandika mahali kumi kwa mpigo mmoja. Nikauliza ni nani huyo mwenye mambo kumi ya kusema. Niliambiwa kwamba kihariri kinakumalizia neno kabla wewe hujalimaliza. Hilo nalijua, nilikuwa na shangazi wa namna hiyo, na hatukumwita maendeleo. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na hawa watu wa kompyuta hupata kidonda kipya kila mwezi, wakakishangilia.

Kisha akaniita baba kwa Kisomali chetu, "Aabo, tazama hii." Orodha ndefu ilijaa kwenye kioo. Akabonyeza mara moja tu, orodha ikapungua karibu nusu. "Inafuta mistari yote inayorudiwa. Zamani nilikuwa naifuta kwa mkono."

Nikamwuliza kihariri kimejuaje kwamba mistari ile inarudiwa.

"Kwa sababu inafanana," akasema.

Nikaweka kikombe chini, nikamwambia maneno ambayo hakustahili. Yeye hana kosa, alikuwa anasafisha orodha ya anwani za wateja. Lakini mimi jambo hilo jipya niliwahi kuliona likizinduliwa, katika mji huu huu, yeye hajazaliwa, na niliyebonyeza nilikuwa mimi.

Ilikuwa miaka ile ya vita ambavyo serikali iliviita vya shifta, yaani majambazi, na sisi tuliviita kwa majina mengine tukiwa peke yetu. Uhuru ulikuwa bado mbichi. Nilikuwa kijana wa Kisomali mwenye Kiswahili cha shule na vidole kumi vinavyojua taipureta, na kwa sifa hizo mbili nikapata kazi katika ofisi ndogo ambayo sina haja ya kuitaja. Ofisi ile ilitengeneza orodha. Wafugaji hawakuruhusiwa kuteremsha mifugo mtoni Tana wapendavyo. Kila mmoja alipewa siku yake, jina lake likapigwa chapa, na orodha ikapelekwa kwa askari waliolinda njia ya maji upande wa Balambala. Jina likiwamo, mifugo inakunywa. Jina lisipokuwamo, mifugo ni ya shifta na inachukuliwa.

Karani mkuu wetu alikuwa ametoka Kenya. Ndivyo tulivyosema huku kwetu kuhusu bara, kana kwamba Garissa haimo, na yeye mwenyewe alisema hivyo hivyo, "huko Kenya", kwa uchungu wa mtu aliyepelekwa ng'ambo kwa adhabu. Alivaa tai katika joto la Garissa. Alikuwa amesoma kozi fupi ya uendeshaji wa ofisi, na cheti chake kilitundikwa ukutani juu zaidi ya picha ya Rais, mpaka mgeni mmoja mkubwa alipokohoa na kikateremshwa. Debe tupu haliachi kuvuma. Kila Jumatatu alitusimamisha makarani watatu mbele ya meza yake, akatusomea Maboresho, ndivyo alivyoyaita, na kila moja lilikuwa na namba.

Boresho la kwanza lilikuwa utepe wa rangi mbili, ili wenye makosa waandikwe kwa wekundu. La pili lilikuwa dawa nyeupe ya kufutia, ambayo kwa joto letu iliganda chupani kabla ya Jumatano. La tatu lilikuwa taipureta mpya, pana, iliyoruka yenyewe hadi kwenye safu uliyoitegea. Aliipangusa kwa leso yake mwenyewe kila asubuhi. Wafugaji walisimama nje kwenye jua tangu alfajiri, na yeye ndani alikuwa akipangusa.

Boresho la nne ndilo hilo la binti yangu.

Sisi Wasomali hatuna jina la ukoo la kuvalia kama koti. Mtu ana jina lake, halafu la baba yake, halafu la babu yake, basi. Majina ya mwanzo hayatoshi, maana nusu ya wanaume wanaitwa kwa jina la Mtume, na la babu halitoshi, maana babu mmoja ana wajukuu hamsini. Anayekutofautisha na wenzako ni baba yako, pale katikati. Mtoto wa miaka minne analijua hilo. Karani mkuu hakulijua, na hakuona sababu ya kumwuliza mtoto wa miaka minne wala mimi. Alitangaza kwamba kuanzia siku ile kila mtu ataandikwa kwa majina mawili, la mwisho likitangulia kama wanavyofanya watu wastaarabu, na jina la katikati litaachwa kwa sababu linajaza karatasi bure.

Nilipiga orodha upya kwa mtindo wake. Akaipitia kwa rula, akakunja uso. "Kwa nini majina yanarudiwa? Huyu, huyu na huyu. Mnaandikisha mtu mmoja mara tatu ili apate maji mara tatu. Sasa nimewakamata. Yanayorudiwa yote yafutwe."

Nikasema, "Bwana, hao ni watu mbalimbali."

"Mbona jina ni moja?"

"Babu yao ni mmoja."

"Basi jina ni moja," akasema. "Wewe kijana, kazi yako ni kupiga chapa. Maoni waachie wenye vyeti."

Miongoni mwa majina hayo lilikuwamo la mjomba wangu, ndugu wa mama yangu, tumbo moja. Alikuwa na ngamia kumi na mmoja na hakuwa na kitu kingine chochote duniani. Mstari wake ulifanana sasa na wa binamu yake, mtoto wa baba yake mdogo, mwenye mbuzi. Ilibidi mmoja ufutwe. Niliujua mstari ule ni wa nani na ule wa pili ni wa nani. Ningeweza kusema tena. Ningeweza kuacha jina la baba yake likae katikati na kujifanya nimekosea. Bwana yule hakuwa msomaji makini, alikuwa mpenda rula tu.

Sikusema. Kwa miaka mingi nimejieleza kwamba niliogopa, kwamba Msomali ndani ya ofisi ya serikali wakati ule alitazamwa kila anapokwenda msalani. Ni kweli niliogopa. Lakini si hilo tu, na kwa kuwa nimeshamdharau karani mkuu vya kutosha, nijidharau na mimi kidogo. Niliipenda ile orodha. Niliipiga bila kosa hata moja, safu mbili zimenyooka, karatasi nne zimekuwa mbili. Niliiinua kwenye mwanga nikaona imependeza. Karani mkuu akanipiga bega na kusema sasa nimekuwa karani, na mimi, mpumbavu, nikafurahi.

Siku yao ya maji ilipofika, binamu alitangulia mtoni na mbuzi wake asubuhi. Askari akalitafuta jina, akalipata, akalitia alama. Mjomba alifika adhuhuri na ngamia waliokaa siku tisa bila maji. Askari akamwambia, wewe umeshapita. Mjomba akacheka, akadhani ni utani. Ngamia wakazungushwa na kuondolewa wote kumi na mmoja, na wao walikuwa wameshayaona maji.

Baada ya siku mbili mjomba na binamu yake waliingia ofisini pamoja. Walikuja wawili makusudi, ili waonekane. Nilikuwa nimekaa kwenye taipureta pana, hatua nne kutoka kwao. Mjomba alinitazama mara moja, kisha hakunitazama tena. Alielewa kwamba nikijulikana kuwa mpwa wake nitafukuzwa, kwa hiyo akanisalimu kwa jumla, pamoja na viti.

Kwa Kiswahili alichokiokota sokoni akamwambia karani mkuu, "Bwana mkubwa, angalia. Mimi hapa. Huyu hapa. Sisi watu wawili. Karatasi yako nasema mtu moja. Ngamia yangu nabelekwa wabi?"

Karani mkuu alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Macho yake yaliona watu wawili, hilo nalithibitisha, maana alimrudia yule wa kwanza. Kisha akaitazama orodha, na nikaona anaiamini orodha. "Orodha imeshapelekwa," akasema. "Kama kuna marekebisho, yatangoja toleo lijalo."

"Lini hiyo?"

"Mwezi ujao."

"Ngamia hanakunywa mwezi ujao," mjomba akasema, kwa upole sana. Binamu yake akamshika mkono wakatoka. Karani mkuu akaniambia niandike barua ya kuomba taipureta ya pili kama ile, kwa kuwa ya kwanza imeonyesha matokeo. Niliiandika. Toleo lililofuata nalo lilitoka, na mjomba alikuwamo, na ngamia walikuwa wameshakufa kwenye zizi la askari kwa kiu, wote isipokuwa wawili ambao hakuna aliyejua wamekwenda wapi.

Siku ile ile ya ofisini, jioni, mjomba alikuja nyumbani kwa mama. Mama akamwekea maziwa, hakuyagusa. Kwa Kisomali mjomba na mpwa huitana neno moja, abti, yeye kwangu na mimi kwake, na tangu nizaliwe hakuwahi kuniita vinginevyo. Nilikaa mbele yake nikamwambia, "Abti, samahani." Mama alituangalia, hakuelewa.

Aliniuliza, "Karatasi ile uliipiga wewe?"

"Ndiyo."

"Ulijua tuko wawili?"

"Nilijua."

"Na jina la baba yangu ulilitoa kwa mkono wako."

Baba yake alikuwa babu yangu, aliyenifundisha Fatiha. Sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo mpaka alipolisema.

Karani mkuu alipandishwa cheo na kurudishwa Kenya yake, na nasikia huko aliboresha mengi. Mjomba aliishi miaka thelathini zaidi, katika chumba cha uani kwa mama, akiuza maji kwa punda wa kuazima. Hakunifokea wala hakumwambia mtu. Ila hakuniita abti tena. Tangu jioni ile aliniita kwa jina langu, jina la baba yangu na jina la babu yangu, yote matatu, taratibu, bila kuruka hata moja, hata alipokuwa ananiomba nimpitishie chumvi.