Petroli ya Mchango kwa Mama Margareta

Evod alizaliwa na mkono wa ufundi. Mama yake, Margareta wa Mofu, alinisimulia mara nyingi jinsi mtoto huyo alivyoifungua redio ya marehemu baba yake kabla hajajua kusoma, akaifunga tena, ikaimba. Mimi ni mtu wa kutembea, leo Malinyi, kesho kwingine, na kwa Margareta nilikuwa nikipewa kiti na wali kwa samaki kabla sijaulizwa nimefuata nini. Ndiyo maana habari za Evod nazijua.

Alipokua alikwenda Ifakara, akajifunza magari kwenye gereji moja huko Lumemo. Akanunua gari, Mark II nyeupe ambayo injini yake ilikuwa imekufa. Sasa ikawa kazi ya kuchagua injini ya kuweka. Nilikuwepo siku hiyo, nimekaa juu ya tairi. Zilikuwa mbili chini pale, moja ya kawaida, nyingine ya tabo, ile inayosukumiwa upepo ndani ili iwe na nguvu.

Mzee Sylvester, fundi mkuu, akamwambia, "Mwanangu, chukua hii ya kawaida. Hii ni ng'ombe wa kienyeji, ukimpa majani makavu anakula. Hiyo ya tabo ni mgonjwa wa sukari, kila chakula lazima uulize. Ukiipa petroli mbovu inagonga, na ikigonga inatoboa pistoni."

"Mzee, mimi petroli nanunua sheli, sinunui kwenye chupa."

"Na ukienda kwenu Mofu, sheli iko wapi?"

"Nitabeba dumu langu."

Vijana wa gereji wakacheka. "Mzee Sylvester anataka uendeshe gari la katekista!"

Evod akaweka ya tabo. Kusema kweli ilikuwa nzuri. Kwenye lami ya kuelekea Kidatu gari lile lilikuwa linaondoka kama limetukanwa. Wakamwita Roketi, na jina akalipenda. Lakini hata mimi nisiyejua magari niliona kwamba neno la dumu alilishika. Hakuna siku alitoka mjini bila petroli yake safi nyuma ya gari.

Mwaka huu, wakati wa mavuno, mtoto wa dada yake Agnella alipata komunyo ya kwanza. Evod akaja Mofu na gari. Siku nzima vijana wanamwambia, "Roketi, tuonjeshe," naye anawaonjesha, anakwenda hadi mwisho wa mashamba na kurudi, vumbi juu, watoto wanashangilia. Margareta akamwambia, "Baba, unamaliza mafuta kwa kuzunguka kama nzi?" Akajibu, "Leo sherehe, mama." Tangi likashuka, akamimina na dumu lote. Jioni gari lilikuwa na mafuta ya kufika njiani tu. Hakujali. Kwa dharura Teddy wa pale kijijini anauza petroli ya chupa dukani kwake, na asubuhi angempigia rafiki amletee safi kutoka mjini.

Asubuhi Margareta hakungoja mtu aamke. Mpunga uliokomaa hauna sikukuu. Akashika mundu, akaenda. Swila alimuuma kifundo cha mguu alipokuwa anainua mganda.

Tulimkuta amekaa kwenye tuta, ametulia. Akasema, "Nyoka mweusi, alinyanyua shingo." Tukambeba hadi nyumbani. Kope zikaanza kulegea, kama mtu mwenye usingizi, na maneno yakaanza kuwa mazito. Dawa ya sumu hiyo ilikuwa hospitalini, Ifakara. Gari la wagonjwa tuliambiwa liko mbali na mgonjwa mwingine.

Beno, kijana wa bodaboda, akafika na pikipiki yake. "Kaka Evod, tumpakie katikati, mtu amshike nyuma, twende."

"Umkalishe mama yangu kwenye pikipiki, shingo yenyewe haikai? Nina gari linaloshinda upepo, Beno. Nipe petroli tu."

Teddy alikuwa hana hata tone, bodaboda za wageni wa sherehe zilimaliza zote. Basi mchango ukapita. Kwetu mgonjwa akizidiwa hakuna kuulizana, kila nyumba inatoa ilichonacho, kuku, shilingi, kanga. Safari hii ikaombwa petroli. Beno akaitoa yote ya kwenye pikipiki yake, na ilikuwa safi. Fulgensi, mvuvi, mdogo wake Margareta, akaleta ya mashine ya mtumbwi, ameshaichanganya na oili kama mashine ile inavyotaka. Hermenegildi akaleta iliyolala kwenye pampu ya maji tangu kiangazi kilichopita. Bibi Paskalina akaleta chupa ya mafuta ya taa, akasema, "Nayo si yanawaka?" Wote wakamimina kwenye ndoo moja, mbio, kwa upendo, na ndoo ikapelekwa kwa Evod imejaa.

Akainusa. Nikaona uso wake umebadilika.

"Nani kachanganya hivi?"

"Sote," akasema Fulgensi. "Haitoshi?"

Evod akamtazama mama yake, akatazama pikipiki ya Beno ambayo sasa ilikuwa kavu. Akamimina.

Mimi na Agnella tulikaa nyuma, kichwa cha Margareta mapajani mwangu. Evod alikwenda polepole mpaka nikashangaa. Akaniambia bila kugeuka, "Mzee, nikikanyaga, injini inakufa. Nikienda hivi huenda ikavumilia."

Tukaenda hivyo. Baiskeli zilitupita, nasema kweli. Kisha Margareta akaanza kupumua kwa kukoroma, pumzi ikija, ikingoja, ikija tena.

"Kaka," Agnella akasema, "anaishiwa pumzi."

"Namsikia."

"Kanyaga basi!"

"Nikikanyaga, Agnella..."

"Kanyaga! Ulilinunulia nini?"

Akakanyaga. Gari likaruka kama lilivyozoea. Tukapita Namawala, na nikasema moyoni tutafika. Halafu nikasikia mlio kama mtu anatikisa misumari ndani ya kopo. Evod naye aliusikia, maana alikuwa anatikisa kichwa, hapana, hapana, lakini mguu hakuuondoa. Moshi wa bluu ukafunika nyuma yote. Kikapiga kishindo kimoja, na gari likaendelea kutembea kimyakimya hadi likasimama lenyewe.

Alipiga simu kila mahali. Beno alijibu analia, pikipiki haina kitu. Mwishowe ikapita pawatila, ile trekta ndogo ya magurudumu mawili, ya mkulima aitwaye Ngusa, inavuta tela la mpunga. Ngusa hakuuliza neno, alishusha magunia kando ya barabara tukampandisha. Pawatila inakwenda mwendo wa mtu mwenye haraka. Evod aliona bora akimbie kando yake, mkono ameshika mguu wa mama yake uliovimba. Margareta alikata roho kabla hatujauona mji. Evod aliendelea kukimbia. Agnella ndiye aliyemwambia asimame.

Siku ya mazishi gari lilikuwa limevutwa kwa kamba hadi uani, limeachwa pale. Baada ya kutoka makaburini watu walikaa kula. Fulgensi alikuwa amesimama kwenye lile gari, ameinamia bomba la moshi, ananusa oili anayoijua mwenyewe. Akaja alipokaa Evod, akabaki wima.

"Mjomba nikuulize. Ni mafuta yetu?"

Watu wa karibu waliacha kutafuna. Bibi Paskalina alikuwepo. Evod akasogea pembeni, akampa nafasi ya kukaa.

"Injini niliichagua mimi, mjomba," akasema. "Kaa ule."

Fulgensi alikaa. Sahani waliyomletea aliishika mikononi mpaka watu wakaanza kuondoka.